Kugawa, Kukokotoa na Kuunganisha: Historia ya Hesabu za Makundi katika Ankole, kutoka Sensa ya 1948 hadi Makazi ya Nakivale

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya mbinu moja ya takwimu, yaani kugawa data katika makundi, kutumia kanuni ileile ya ukokotoaji kwa kila kundi, kisha kuunganisha matokeo katika jedwali moja. Mbinu hiyo huelezwa katika vitabu vya lugha za programu kana kwamba ilizaliwa pamoja na kompyuta. Inaonyeshwa hapa kwamba katika eneo la Ankole, kusini-magharibi mwa Uganda, ilitumika kutawala watu muda mrefu kabla ya hapo, na kwamba sehemu yake yenye athari kubwa kuliko zote, yaani uteuzi wa kigezo cha kugawia, ndiyo ambayo kumbukumbu za serikali na za mashirika zimeihifadhi kwa uchache zaidi.

Utangulizi

Mji mdogo wa Kaberebere uko kwenye barabara ya Mbarara kwenda Isingiro. Mkungu wa ndizi unaopakiwa lorini kando ya barabara hiyo hausemi kama ulikatwa na mwenyeji au na mkimbizi aliyekodi shamba, wala mnunuzi haulizi. Kilomita kadhaa kutoka hapo yako makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyoanza kupokea watu mwishoni mwa miaka ya 1950 na kutambuliwa rasmi na serikali mwaka 1960. Hayo ni miongoni mwa makazi ya kale zaidi ya aina yake barani Afrika, na kufikia mwaka 2023 yalikuwa na wakimbizi zaidi ya 150,000 kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia na kwingineko. Ndani ya makazi hayo hakuna mkungu, gunia wala mtu asiyekuwa na kundi. Kila aliyeandikishwa ana uraia, kanda, kijiji, namba ya kaya, jinsia na tarehe ya kuwasili, na kila kimojawapo cha vipengele hivyo chaweza kuwa kigezo cha kumgawia.

Tofauti baina ya soko la Kaberebere na daftari la Nakivale ndiyo mada ya makala hii. Sokoni, thamani hukokotolewa kwa kitu kimojakimoja. Katika daftari, hukokotolewa kwa kundi, kisha humrudia mtu mmojammoja kama mgao, kibali au amri. Watafiti wa uhamiaji wameandika mengi kuhusu sera ya wakimbizi ya Uganda, hususan Sheria ya Wakimbizi ya 2006 na Kanuni zake za 2010, ambazo husifiwa kwa kuwapa wakimbizi haki ya kufanya kazi na kutembea. Hatua ya hesabu iliyo kati ya sheria na mtu imeandikwa kwa uchache.

Mashine iliyogawa kabla ya kukokotoa

Mwaka 1890 sensa ya Marekani ilichambuliwa kwa mashine za Herman Hollerith. Kila mtu alikuwa na kadi yake, na kila sifa yake ilikuwa tundu mahali maalumu kwenye kadi. Matundu hayo yaliendesha saa za kuhesabia, na kadi ikaelekezwa kwenye kisanduku cha kundi lake. Baada ya hapo matokeo ya kila kundi yalinakiliwa kwenye jedwali. Hatua zote tatu za mbinu inayojadiliwa zilikuwapo tayari, na mfanyakazi aliweza kuziona kwa macho na kuzigusa kwa mikono. Kadi iliyokosa tundu la kundi nayo ilionekana, kwa kuwa ilibaki mkononi ikingoja uamuzi.

Kompyuta iliondoa mikono hiyo. Edgar Codd wa kampuni ya IBM alipochapisha nadharia yake ya majedwali yenye uhusiano mwaka 1970, na Donald Chamberlin na Raymond Boyce walipoibunia lugha ya kuulizia data mwaka 1974, kazi ya siku nyingi ilianza kuwa sentensi moja: kokotoa jumla ya safu hii kwa kila thamani ya safu ile. Katika maabara za Bell, kuanzia mwaka 1976, John Chambers na wenzake walijenga lugha ya takwimu iliyoitwa S. Wazo kuu la lugha hiyo ni kwamba kanuni ya ukokotoaji, ambayo wanaprogramu huiita fanksheni, ni kitu kinachoweza kukabidhiwa kwa fanksheni nyingine. Mtumiaji hakuhitaji tena kuandika hatua za kupita kundi moja hadi jingine. Alitaja data, akataja kigezo, akataja fanksheni, na mashine ikafanya yaliyobaki. Fanksheni ya tapply, inayofanya kazi hiyo hasa, ilirithiwa na lugha ya R, ambayo Ross Ihaka na Robert Gentleman wa Chuo Kikuu cha Auckland waliitangaza kwa makala ya mwaka 1996. Mwaka 2011 Hadley Wickham alichapisha makala iliyoipa mbinu nzima jina la hatua zake tatu, gawa, tumia, unganisha, na tangu hapo imekuwa sura ya lazima katika mafunzo ya uchambuzi wa data.

Jambo moja katika historia hiyo linahusu Afrika Mashariki moja kwa moja. R hutolewa bure. Ofisi ndogo isiyo na bajeti ya leseni inaweza kuwa na zana ileile iliyo katika chuo kikuu cha Ulaya, na taasisi za kufundishia takwimu kanda hii inazo tangu miaka ya uhuru: kituo cha Dar es Salaam kilichoanzishwa mwaka 1961, na taasisi ya takwimu ya Makerere iliyoanzishwa mwaka 1969. Uhaba wa zana, kwa hiyo, si sababu tena ya hesabu mbovu. Lakini urahisi huo una upande wake wa pili. Kugawa data kulipokuwa kazi ya siku nyingi, mtu alifikiri sana kabla ya kuchagua kigezo. Leo vigezo kumi hujaribiwa kabla ya chai ya saa nne, na kile kinachotoa jedwali la kupendeza ndicho kinachobaki katika ripoti.

Kundi lililoitwa Wanyarwanda

Sensa ya kwanza ya kisasa ya Afrika Mashariki ilifanyika mwaka 1948 chini ya Idara ya Takwimu ya Afrika Mashariki, iliyoongozwa na C. J. Martin. Ilikuwa na awamu mbili: hesabu ya watu wote kwa maswali machache, kisha sampuli ya takriban asilimia 10 kwa maswali marefu zaidi. Uganda ilihesabiwa kuwa na watu takriban milioni 4.9. Katika awamu ya kwanza umri haukuandikwa kwa miaka, bali kwa makundi mapana machache. Hapa pana funzo ambalo mchambuzi wa leo hulisahau kwa urahisi: data iliyokusanywa ikiwa imekwisha kugawanywa haigawanyiki upya. Anayetaka kujua idadi ya vijana wa miaka 18 katika Ankole ya mwaka 1948 hawezi kusaidiwa na lugha yoyote ya programu.

Kigezo kikuu cha sensa ile kilikuwa kabila. Kwa wilaya kama Ankole kigezo hicho kilionekana dhahiri, lakini neno moja miongoni mwa majina yake lilibeba watu wa aina tofauti kabisa. Walioitwa Wanyarwanda nchini Uganda walikuwa, kwanza, wenyeji wa Bufumbira, ambao mipaka ya wakoloni ya mwaka 1910 iliwaweka upande wa Uganda bila wao kuhama hata hatua moja. Pili, walikuwamo wahamiaji waliokuja kutafuta kazi katika mashamba ya pamba na kahawa, ambao Audrey Richards na wenzake waliwachunguza katika kitabu cha mwaka 1954. Tatu, baada ya machafuko yaliyoanza Rwanda mnamo Novemba 1959, waliongezeka wakimbizi, na Nakivale pamoja na Oruchinga zikawa makazi yao. Makundi hayo matatu yalitofautiana kwa namna na wakati wa kuingia nchini, kwa hadhi ya kisheria, na kwa haki juu ya ardhi. Kigezo cha kabila kiliwaweka wote katika safu moja.

Jedwali peke yake halimfukuzi mtu. Ila kigezo kilichozoeleka katika jedwali huwa tayari mkononi siku siasa inapokihitaji. Mnamo Oktoba 1982, wakati wa utawala wa pili wa Milton Obote, viongozi wa mitaa na vijana wa chama tawala katika wilaya ya Mbarara waliwatimua watu walioitwa Wanyarwanda kutoka majumbani mwao. Makumi ya maelfu walikimbia, wengine wakavuka mpaka kuingia Rwanda, wengine wakasukumwa ndani ya makazi ya wakimbizi, Nakivale ikiwamo. Miongoni mwao walikuwamo wakimbizi walioandikishwa, na pia raia wa Uganda waliokuwa na mashamba yao kwa miaka mingi. Kanuni moja ilitumika kwa kundi zima, na matokeo hayakutofautisha. Mtu aliyekuwa raia siku moja kabla alijikuta katika makazi ya wakimbizi, mahali ambapo daftari halikuwa na safu ya kumwelezea.

Katiba ya mwaka 1995 ilijaribu kugawa upya. Jedwali lake la tatu, linaloorodhesha jamii zilizokuwapo ndani ya mipaka ya Uganda kufikia tarehe 1 Februari 1926, linawataja Wafumbira na Wanyarwanda kama jamii mbili tofauti. Kwa lugha ya mchambuzi wa data, kundi moja liligawanywa na kigezo cha pili, yaani tarehe, kikaongezwa. Wanahistoria wa sheria hulijadili suala hilo kama suala la uraia, nao wana haki. Linafaa pia kujadiliwa kama marekebisho ya kigezo yaliyochelewa kwa miaka 13 kuanzia tukio lililoonyesha ubovu wake.

Hata hivyo kigezo cha uraia wa nchi, kilichochukua nafasi ya kabila ndani ya makazi, hakikukosa madhara yake. Mnamo Julai 2010 takriban Wanyarwanda 1,700 walirudishwa Rwanda kwa nguvu kutoka Nakivale na Kyaka II. Zoezi lilielezwa kuwa la watu ambao maombi yao ya hifadhi yalikataliwa, lakini Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) lililalamika kwamba miongoni mwao walikuwamo wakimbizi waliotambuliwa. Vigezo viwili vilihitajika, yaani uraia na uamuzi wa ombi. Kilichotumika uwanjani kilifanana zaidi na kimoja.

Wilaya iliyopungua bila mtu kuondoka

Makundi ya kijiografia huonekana salama kuliko ya watu, kwa sababu ardhi haitembei. Mipaka hutembea. Sensa ya mwaka 2002 iliikuta wilaya ya Mbarara ikiwa na watu takriban milioni 1.09. Sensa ya mwaka 2014 iliikuta wilaya yenye jina hilohilo ikiwa na watu takriban 473,000. Mchambuzi anayeunganisha faili mbili na kuagiza programu ikokotoe badiliko la idadi kwa kila wilaya atapewa, bila onyo lolote, jibu kwamba zaidi ya nusu ya watu wa Mbarara walitoweka katika miaka 12. Kilichotokea ni kwamba mwaka 2005 wilaya hiyo iligawanywa, na Isingiro, Ibanda na Kiruhura zikazaliwa. Isingiro peke yake ilikuwa na watu takriban 486,000 mwaka 2014. Baadaye, mwaka 2019, Rwampara nayo ilimegwa kutoka Mbarara, na mwaka 2020 Mbarara mjini ikawa jiji lenye utawala wake.

Kaberebere, ambayo haikusogea, imewahi kuwa ya Ankole, ya Mbarara na ya Isingiro. Mtafiti anayetaka mfululizo wa miaka 60 lazima ashuke chini ya wilaya hadi ngazi ambayo mipaka yake inaweza kufuatiliwa, kisha apande tena kwa kujumlisha. Hiyo ni kazi ya kuchosha ambayo hakuna fanksheni inayoifanya kwa niaba ya mtu, na labda ndiyo sababu hufanywa kwa nadra.

Kaya, familia, jamaa

Kigezo kinachotumika zaidi Nakivale si uraia wala kijiji. Ni kaya. Chakula, vifaa vya nyumbani na kiwanja hutolewa kwa kaya, na hati ya mkimbizi huorodhesha watu chini ya mkuu wa kaya mmoja. Programu ya usajili ya UNHCR, proGres, iliyoanza kutumika miaka ya 2000, imejengwa juu ya wazo hilo: mtu ni mstari katika jedwali, na kila mstari lazima uwe ndani ya kikundi cha usajili.

Kwa wanaotafiti Kiswahili, hapa pana suala lisilo la kiufundi hata kidogo. Neno kaya, katika Kiswahili cha sensa na cha vitabu vya shule vya Tanzania, ni watu wanaoishi na kula pamoja. Kwa Wamijikenda wa pwani ya Kenya, kaya ni makao ya kale yenye msitu mtakatifu, na baadhi ya misitu hiyo iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Kwa Mkongo wa mashariki, anayezungumza Kiswahili tangu utotoni, neno lililo karibu zaidi ni familia au jamaa, na jamaa katika Kiswahili chake ni ukoo mzima wa karibu, si wale tu wanaolala chini ya paa moja. Kwa Mswahili wa Unguja, jamaa anaweza kuwa ndugu wa mbali au hata mtu fulani tu. Karani akiuliza kuhusu kaya kwa neno jamaa, au mkalimani akikisia, anayejibu hasemi uongo akimtaja mpwa anayeishi kijiji cha pili, wala akimwacha mpangaji anayekula naye kila siku. Kundi limebadilika ukubwa ndani ya tafsiri, kabla ya kompyuta kuwashwa.

Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha mwezi Julai 2022 utekelezaji wa azimio la Jumuiya ya Afrika Mashariki la kukifanya Kiswahili lugha rasmi. Mjadala uliofuata ulijikita katika shule na bunge. Ni nadra kusikia ukitajwa utaratibu wa fomu za usajili, ambako neno moja lisilosanifishwa huamua nani anahesabiwa na nani.

Uhakiki wa 2018 ulionyesha uzito wa kaya kama kigezo. Baada ya tuhuma za idadi zilizoongezwa, Ofisi ya Waziri Mkuu na UNHCR ziliendesha uhakiki wa alama za mwili nchini kote kuanzia Machi hadi Oktoba 2018. Idadi ya wakimbizi iliyokuwa ikitajwa kuwa takriban milioni 1.4 ilishuka hadi takriban milioni 1.1. Magazeti yalinukuu jumla hiyo ya nchi. Jumla ya nchi, hata hivyo, haisemi lolote kuhusu makazi mamoja, wala kuhusu chanzo cha pengo. Pengo laweza kutokana na kaya za kubuni, na vilevile na kaya za kweli ambazo baadhi ya watu wake walikufa, walihama au walirudi kwao bila kufutwa. Hali hizo hutoa pengo lilelile katika jumla, na hutofautiana kabisa zikikokotolewa kwa kaya. Ya kwanza ni suala la jinai. Ya pili ni suala la utunzaji wa daftari.

Wastani wa wastani

Msaada wa chakula ndipo mbinu hii inapoonekana wazi zaidi. Mnamo Februari 2021 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilipunguza mgao kwa wakimbizi wa Uganda hadi asilimia 60 ya kiwango kamili, kwa uhaba wa fedha, na kwa wote sawa. Baadaye mwaka huohuo kigezo kilibadilika kuwa makazi: maeneo ya West Nile yakapewa asilimia kubwa kuliko ya kusini-magharibi, kwa hoja kwamba hali ya maisha kusini-magharibi ilikuwa nafuu. Kuanzia Julai 2023 kigezo kikawa uhitaji wa kaya, na kaya zikagawanywa katika makundi matatu, la tatu likiwa la zile zilizoonekana kuweza kujitegemea, ambazo ziliondolewa katika orodha ya mgao.

Katika miaka isiyofika mitatu, kanuni ya msingi ilibaki ileile: idadi ya watu katika kaya mara kiwango cha kundi. Kilichobadilika ni kigezo tu. Kaya maskini ya Nakivale mwaka 2022 ilipata mgao mdogo kwa sababu majirani zake, kwa wastani, walikuwa nafuu. Kaya yenye nafuu katika West Nile ilipata zaidi kwa sababu iliyo kinyume. Hakuna hesabu iliyokosewa. Kundi lilikuwa pana mno kwa tofauti iliyokuwa ndani yake, na katika hilo uamuzi wa kushuka hadi kaya ulikuwa sahihi. Ila kigezo cha kaya kinahitaji taarifa nyingi zaidi na za mara kwa mara, na mpaka kati ya kundi la pili na la tatu hupita mahali fulani. Kaya mbili zilizo pande mbili za mpaka huo zinafanana kuliko kaya mbili zilizo ncha mbili za kundi moja.

Lipo kosa jingine, dogo kwa sura, ambalo ripoti za kanda hii hulirudia. Tuchukue mfano wa kubuni. Kijiji cha kwanza kina kaya 10 na watu 20, wastani wa watu wawili kwa kaya. Kijiji cha pili kina kaya 40 na watu 240, wastani wa watu sita. Ofisi ya kanda inapokea wastani mbili, haipokei mistari ya chini yake, nayo inachukua wastani wa wastani: watu wanne kwa kaya. Kwa kaya 50 inaagiza chakula cha watu 200. Watu waliopo ni 260, na wastani halisi ni 5.2. Watu 60 wamekosa chakula, na kila tarakimu katika ripoti ni sahihi peke yake. Kosa limetokea katika hatua ya kuunganisha, kwa kuwa idadi ya kila kundi haikusafiri pamoja na wastani wake. Jumla zinaweza kujumlishwa, wastani haziwezi, na anayetuma wastani bila idadi ametuma nusu ya habari.

George Udny Yule alikwisha kuonyesha mwaka 1903, na Edward Simpson mwaka 1951, kwamba mwelekeo unaoonekana katika kila kundi unaweza kugeuka makundi yakiunganishwa. Mfano maarufu ni wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, uliochapishwa mwaka 1975: katika udahili wa mwaka 1973 wanaume walikubaliwa kwa takriban asilimia 44 na wanawake kwa takriban 35, lakini data ilipogawanywa kwa idara upendeleo huo karibu wote ulitoweka, kwani wanawake wengi waliomba idara zilizokuwa ngumu kuingia. Mshauri wa sera anayelinganisha wakimbizi na wenyeji wa Isingiro kwa jumla, bila kugawa kwa kanda na kwa muda waliokaa, anakanyaga ardhi ileile. Mnyarwanda aliyefika zamani na Mkongo aliyefika juzi hawana wastani wa maana. Mwongozo wa Uganda unaotaka asilimia 30 ya msaada iwafikie wenyeji na 70 wakimbizi huchukulia kwamba mstari kati ya makundi hayo mawili unajulikana. Mji kama Kaberebere, ulio nje ya mipaka ya makazi lakini umefungamana na biashara ya wilaya inayoyapokea, hauonekani vizuri katika upande wowote wa mstari huo.

Wasio na kundi

Mfanyakazi wa Hollerith aliiona kadi isiyo na tundu. Mchambuzi wa leo huenda asiione. Mstari ambao safu yake ya kigezo ni tupu hushughulikiwa kwa namna tofauti na kila programu. Katika lugha ya maswali ya majedwali, mistari yote yenye kigezo tupu hukusanywa katika kundi moja. Katika R, tapply huiacha kimyakimya. Maktaba ya pandas, iliyoanzwa na Wes McKinney mwaka 2008, nayo huiacha, isipokuwa mtumiaji akiagiza vinginevyo. Kifurushi cha dplyr, cha Wickham na wenzake, huibakiza kama kundi lake. Faili moja ikipitishwa katika ofisi mbili zinazotumia programu mbili hutoa jumla mbili, na hakuna ofisi iliyokosea kuandika.

Nakivale, safu tupu ni watu. Ni mtoto aliyezaliwa njiani na uraia wake haujaandikwa, mke wa Mrundi aliyezaliwa Kongo na karani akasita aandike nini, na mwombaji wa hifadhi ambaye uamuzi wake bado. Wakiachwa na programu, hawatokei kama pengo katika jedwali, kwa kuwa jumla ya jedwali hukokotolewa baada ya wao kuondoka.

Upo pia utupu wa aina ya pili, nao ni kundi lisilo na mstari. Kijiji ambacho hakikuripoti mgonjwa hata mmoja wa kipindupindu, na kijiji ambacho mhudumu wake hakuleta ripoti, vyote viwili hukosekana katika matokeo ya programu iliyoagizwa ihesabu wagonjwa kwa kila kijiji, kwa sababu programu huunda makundi kutokana na mistari iliyopo. Dawa yake ni kuwa na orodha ya vijiji vyote inayotunzwa kando na ripoti, na kuunganisha matokeo nayo kila mara, ili kijiji kisichoripoti kionekane tofauti na kijiji chenye sifuri.

Kumbukumbu za makazi, kwa kawaida, huhifadhi jedwali la mwisho. Faili ya mistari hufutwa au hufungwa kwa sababu za faragha, ambazo ni za haki, na msimbo uliotumika hubaki katika kompyuta ya ofisa ambaye mkataba wake huisha. Mwanahistoria wa mwaka 2060 atakayetaka kujua kwa nini kaya fulani za Nakivale ziliondolewa katika mgao mwaka 2023 atakuta asilimia kwa kila kundi. Msimbo wenyewe hauna jina la mtu yeyote ndani yake. Kuhifadhi faili hiyo ya maandishi pamoja na fomu ya maswali, ikiwa na maneno yaleyale ya Kiswahili yaliyotumika kuuliza, hakuvunji faragha ya mkimbizi hata mmoja, na gharama yake ni kilobaiti chache.